Timu yetu inaganda swali la tatu kila mashindano, tunakosea wapi?

kodi_mbichi

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya waliopitia haya mashindano ya kuprogramu ya wanafunzi. Tuko watatu, mwaka wa pili chuo, tunajiandaa na yale ya mfumo wa ICPC (mashindano ya dunia ya vyuo) yani masaa matano, maswali kumi na kitu, watu watatu kompyuta moja. Maswali mawili ya mwanzo tunayamaliza mapema tu, ukiangalia ubao wa matokeo unaona tuko pazuri, ila kuanzia hapo ni ukuta. Tunaandika suluhisho, sampo zote (mifano ya kwenye swali) zinapita, tunatuma, jaji (programu inayosahihisha) anarudisha WA (jibu sio sahihi) au TLE (muda umezidi), tunabadilisha kitu tunatuma tena, WA, mwisho mmoja kang'ang'ania kibodi na wawili wanamchungulia begani huku muda unaisha.

Sio kwamba hatusomi. Algorithimu kama Dijkstra tunaandika bila kuangalia popote, segimenti tri mwenzetu mmoja anaiandika hata umuamshe usiku. Sasa maswali yangu: tuendelee kuongeza algorithimu au kuna kitu kingine tunakosa? Ile kompyuta moja mnagawanaje? Na Python inatosha au lazima C++, maana mmoja wetu C++ hataki hata kuisikia.

mzee_wa_baki

Kijana algorithimu mnazo za kutosha, hata mnazo nyingi kuliko mnavyohitaji kwa hilo swali la tatu na la nne. Kinachowaangusha nakiona kwenye maelezo yako mwenyewe, "sampo zinapita, tunatuma". Sampo zimewekwa uelewe swali, hazijawekwa kukuhakikishia lolote.

Ngoja nikupe swali dogo la kawaida kabisa. Umepewa orodha ya namba, idadi yake n, n inafika 200,000, na namba k, hesabu ni jozi ngapi ambazo jumla yake inagawanyika kwa k bila baki. Mtu anasoma, anaona rahisi, anaandika lupu mbili moja ndani ya nyingine, sampo ina namba tano, inapita. Sasa piga hesabu kabla ya kugusa kibodi: jozi za namba 200,000 ni kama bilioni 20. Kompyuta ya jaji kwa makadirio ya wengi inafanya operesheni rahisi kama milioni 100 kwa sekunde, wengine wanasema zaidi kidogo, basi hapo unahitaji sekunde 200 na swali limekupa 2. Hiyo TLE ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya swali toka mwanzo, hukuhitaji kuituma ili uijue na kulipia penalti.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma baada ya maelezo ni mipaka. Ukiona n haizidi 20 hapo mtunzi anakuruhusu ujaribu makundi yote, 2 mara yenyewe mara 20 ni milioni moja na kidogo tu. n kama 500 lupu tatu zinapita, n 5,000 lupu mbili, n 200,000 tafuta njia ya kupanga au kupita mara moja, na ukiona n inafika 10^18 basi hata kuisoma moja moja huwezi, hapo kuna fomula au kugawa kwa mbili kwa mbili. Mipaka inakwambia nusu ya suluhisho kabla hujafikiria.

Turudi kwenye swali. Njia nzuri ni kuhesabu mabaki: unapita namba moja moja, baki yake kwa k ni r, unaangalia tayari umeshaona ngapi zenye baki k-r, unaongeza kwenye jibu, halafu unaandika kwamba r umeiona. Ukiandika (k-r)%k badala ya k-r tupu basi hata baki 0 inajishughulikia yenyewe bila if. Sawa umepita TLE, unatuma, WA. Kwanini? Jibu linaweza kuwa bilioni 20 kasoro kidogo na int (aina ya kawaida ya namba nzima kwenye C++) inaishia 2,147,483,647, inazunguka inakupa namba hasi au takataka, ilitakiwa long long, aina yenye nafasi kubwa zaidi. Umerekebisha, unatuma, WA tena au inakufa kabisa. Umerudi kusoma, kumbe namba zinaweza kuwa hasi, na kwenye C++ -7%5 ni -2 sio 3, sasa unaingia kwenye arei kwa indeksi hasi. Kwa Python hiyo ni 3, ndo maana mwenzenu wa Python anaweza kukuangalia haelewi unalalamika nini.

Umeona hapo? Swali moja jepesi, mitego mitatu, na hakuna hata mmoja unaotibiwa na segimenti tri.

biti_la_mwisho

Mzee kamaliza upande huo. Naongeza kitu kimoja ambacho timu nyingi changa hazifanyi kabisa halafu wanalalamika jaji ana roho mbaya: andikeni suluhisho la mabavu pembeni. Lile la lupu mbili ambalo mzee amelikataa, usilitupe, hilo ndo rula yako. Unaandika kiprogramu kingine cha kutoa inputi za bahati nasibu ndogo ndogo, n kutoka 1 hadi 6, namba kati ya -5 na 5, k kati ya 1 na 4, unaendesha yote mawili mara elfu kadhaa na yakitofautiana inasimama na kukuonyesha inputi yenyewe. Ile ya baki hasi ingekamatwa ndani ya sekunde moja tena kwa mfano wa namba mbili ambao unaweza kuufuatilia kwa kalamu.

Siri iko kwenye UDOGO. Mtu anatengeneza tesiti ya namba laki moja, majibu yanatofautiana, sasa utafanya nini na namba laki moja? Ndogo ndo zinaonyesha bagi. Kubwa unatengeneza moja tu mwishoni ya kupima muda, na hapo weka thamani za juu kabisa zinazoruhusiwa maana ndo ovaflo (namba kuzidi nafasi ya int) inajitokeza.

Na kumbuka kwenye mazoezi Codeforces (saiti ya mashindano ya mtandaoni) inakwambia umefeli tesiti ya ngapi, na mara nyingi baadaye unaweza kuiona. Kwenye ICPC jaji anakwambia WA basi, hakuna namba ya tesiti. Kwa hiyo mkizoea kutegemea "tesiti ya 4" mtapata shida ukumbini.

pupa_sio_dhambi

Habari ya kompyuta. Kanuni yetu ilikuwa moja tu, kompyuta ni ya kuandikia sio ya kufikiria. Mtu hakai kwenye kiti mpaka awe ameshamweleza mwenzake suluhisho kwa mdomo na mwenzake ameshindwa kulivunja, tena aeleze na ugumu wa muda (kazi inaongezekaje n ikikua), "hii ni n log n" na mwenzake akubali. Ukishakaa unaandika moja kwa moja dakika kumi na tano umenyanyuka. Ukikwama unaprinti kodi unainuka, unaisoma kwenye karatasi na kalamu, mwingine anakaa. Kuprinti kunaruhusiwa, watu wanakuletea karatasi mezani, na timu nyingi haziitumii kabisa hiyo nafasi wakati ndo inafungua kibodi. Mtu anayetafuta bagi kwa kukodolea skrini anawafungia njia watu wawili.

Mwanzo wa mashindano gawaneni kusoma, mmoja aanze A kushuka, mwingine aanze mwisho kupanda, wa tatu katikati. Maswali hayapangwi kwa urahisi kwenye ICPC, lile jepesi linaweza kuwa K. Halafu tazameni ubao, kama dakika ya 20 timu kumi zimepata H na nyie hamjaifungua basi acheni mnachofanya mkaisome H. Ubao ni msaada wa bure mpaka saa ya mwisho ambapo unagandishwa na hamuoni tena za wenzenu.

Na penalti watu hawaielewi vizuri nadhani. Kila swali mlilopata mnahesabiwa dakika toka mashindano yaanze mpaka mlipolipata, plus dakika 20 kwa kila jaribio baya la swali hilo. Chukua maswali mawili moja la dakika 10 lingine la dakika 50. Mkianza jepesi ni 10 plus 60 jumla 70. Mkianza gumu ni 50 plus 60 jumla 110. Maswali ni yaleyale, kazi ileile, mmejipiga faini ya dakika 40 kwa mpangilio tu. Upande mwingine, swali ambalo hamkulipata kabisa majaribio yake mabaya hayahesabiwi, kwa hiyo dakika kumi za mwisho kama mna kitu nusu nusu tumeni, hamna cha kupoteza.

kodi_mbichi

Aisee asanteni sana, ile ya kuprinti sikuwahi hata kuifikiria kama mbinu nilidhani ni ya watu wa zamani. Swali la nyongeza, kwenye timu tugawane mada? Mfano mmoja grafu, mmoja DP (kutatua kwa kuhifadhi majibu ya vipande vidogo) na stringi, mmoja hesabu na jiometri. Na ile ya Python bado hamjanijibu.

mzee_wa_baki

Gawaneni, ndo watu wote wanafanya hivyo.

lupu_isiyoisha

Mzee hapo nakupinga. Kugawana mada ni kwa timu inayopigania maswali nane, tisa. Timu inayokwama la tatu ikigawana mada inatokea hivi, swali la pili kwa wepesi ni la grafu, mtu wa grafu yuko bize na lingine, wawili wamekaa wanamsubiri, wakati ni BFS (kupita grafu tabaka kwa tabaka) ya kawaida tu. Mambo ya msingi wote watatu mjue, kupanga, kutafuta kwa kugawa nusu, jumla limbikizi, BFS na DFS (kupita grafu kwa kuzama kwanza), DP nyepesi, namba tasa na modulo, njia za pupa. Mkishafika mahali maswali hayo hayawashindi ndo mmoja aingie kwenye mitiririko ya grafu na mwingine akateseke na jiometri.

Kitu cha kugawana mapema ni majukumu. Nani anaandika haraka na kwa usafi? Nani ana jicho la kuona kesi za pembeni, n ikiwa 1, k ikiwa 1, namba zote zikilingana? Huyo wa pili ni dhahabu, mara nyingi sio mwandishi mzuri na watu wanamdharau. Mpeni kazi ya kuvunja mawazo ya wenzake kabla hayajafika kwenye kibodi.

Python: kwa mashindano ya kuanzia inatosha vizuri tu. Saiti nyingi zina PyPy ambayo kwa lupu ina kasi kuliko Python ya kawaida mara nyingi tu, tumieni hiyo. Someni inputi yote kwa mkupuo kwa sys.stdin sio input() laki mbili. Rikeshoni (fankisheni kujiita yenyewe) inagoma ukishazidi kina cha kama 1,000 mpaka ubadilishe mpaka wake, kwa hiyo DFS ya mti mrefu inakufa kama hujui hilo. Ila ICPC haikuahidi kwamba kila swali linawezekana ndani ya muda kwa Python, wanachohakikisha majaji ni C++ na zile za Java. Ushauri wangu huyo ndugu abaki na Python kwa maswali ya namba kubwa sana na stringi za kuchezea, maana Python haina ovaflo, huku akijifunza C++ kiasi cha kuisoma tu ili aweze kudibagi karatasi ya mwenzake. Timu ambayo mmoja hawezi kusoma kodi ya wengine ni timu ya watu wawili.

Na nyie wa C++, endl kwenye lupu ya mistari laki mbili inawaua kimya kimya, wekeni '\n'. Na mstari wa sync_with_stdio(false) pamoja na cin.tie uwe juu ya kila faili.

mtazamaji77

Samahanini naingilia, hivi bado kuna maana ya haya mashindano? 2025 kule fainali za dunia za ICPC Baku mfumo wa OpenAI ulitatua maswali 12 kati ya 12 na wa Google ukatatua 10, timu bora ya wanafunzi ikapata 11. Mnajifunza kitu ambacho mashine imeshawapita.

biti_la_mwisho

Ukumbini hakuna intaneti mkuu, ni nyie watatu na karatasi zenu. Na mazoezini ukimpa AI swali akupe jibu hujafanya mazoezi umesoma jibu, ni kama kwenda gym ukamuangalia mwenzio akinyanyua. Codeforces wamekataza kabisa kutumia AI kutatua maswali wakati raundi inaendelea. Kama maana unayoitafuta ni kazi hilo ni swali jingine, fungua uzi wake.

pupa_sio_dhambi

Tusimpoteze mwenye uzi. Kodi_mbichi kuna kitu hujakitaja na nahisi ndo kiini, mashindano yakiisha mnafanya nini? Kama mnafunga kompyuta mnaenda zenu basi hata mfanye raundi mia mtabaki palepale. Kazi inaanza baada ya mashindano. Lile swali mlilokwama mnalirudia, kwanza bila msaada kwa saa moja hivi, likigoma mnasoma maelezo ya suluhisho KIDOGO, aya ya kwanza tu, mnafunga mnajaribu tena. Halafu mnaliandika wenyewe mpaka AC (jaji amelikubali). Sio kusoma na kutikisa kichwa "ahaa kumbe", hiyo ahaa kesho yake haipo.

Msirukie maswali yote mliyokosa, yale mawili yaliyo juu kidogo tu ya uwezo wenu yanatosha. La mwisho kabisa waachieni wenye nayo, hamtafaidi kitu kwa sasa.

Mahali pa mazoezi: seti ya maswali ya saiti ya CSES, yako kwa mada na ni ya bure, msianze katikati. Codeforces fanyeni Div. 3 na Div. 2 (raundi za madaraja ya chini), kwa timu kuna sehemu ya Gym yenye mashindano ya zamani ya ICPC mnayoyafanya kwa masaa matano kamili kama ya kweli. AtCoder wana yale ya wanaoanza dakika 100, maswali yao ni mafupi maelezo hayana hadithi ndefu, mazuri sana kwa hesabu na DP. Kwa wiki mkifanya moja la timu kwa kompyuta MOJA (sio kila mtu na laptopu yake mkidanganyana) na kila mtu moja la peke yake, halafu muda uliobaki wote kurudia mliyokosa, mko sawa.

dada_wa_indeksi

Naomba kuuliza hapahapa, mdogo wangu yuko sekondari, anapenda sana haya mambo, mbinu hizi zinamfaa na yeye au kwao ni tofauti?

lupu_isiyoisha

Tofauti kubwa dada. Kwa sekondari kilele ni IOI, ile olimpiadi ya dunia ya kuprogramu iliyoanza 1989 Bulgaria. Kule anashindana peke yake, nchi inaleta mpaka wanafunzi wanne lakini kila mtu na kompyuta yake. Siku mbili, kila siku masaa matano maswali matatu, kila swali pointi 100, jumla 600. Hakuna penalti ya kutuma vibaya, na swali limekatwa vipande vipande, ukitatua kipande chenye n ndogo kwa mabavu unapata pointi zako. Kwa hiyo huko suluhisho la mabavu sio la kutupa, ni la kutuma! Mtoto wa ICPC anafikiri "nipate au nikose", wa IOI anatakiwa afikiri "hapa naweza kuokota pointi ngapi". Nusu ya washindani wanaondoka na medali, kwa hiyo hizo pointi za vipande ndo zinazotenganisha mwenye shaba na asiye na kitu.

Lugha kwa miaka ya karibuni ni C++, aanze nayo mapema. Umri asizidi miaka 20 tarehe 1 Julai ya mwaka wa mashindano. Asitishwe na kina Gennady Korotkevich wa Belarus, yule alianza IOI 2006 akiwa na miaka 11 akapata medali ya fedha halafu dhahabu sita mfululizo, huyo muache. Afungue USACO Guide, iko bure na imepangwa kuanzia ngazi ya shaba kupanda juu, inamfaa kuliko kurukaruka.

dada_wa_indeksi

Asante sana kaka, nitamwambia.

kodi_mbichi

Wakuu nimewaelewa. Wenzangu nimewatumia huu uzi, yule wa Python amefurahi kwamba amepewa kazi. La mwisho, yale makaratasi ya kuingia nayo, tujaze nini? Tuna faili la mwaka jana tulilopewa na kaka zetu lina kodi za kila aina hata zingine hatuzijui ni za nini.

mzee_wa_baki

Kwenye fainali za dunia kikomo ni kurasa 25, kwa mashindano yenu soma sheria zao maana zinatofautiana. Ila hata wakikuruhusu 100, kodi ambayo hujawahi kuituma ikapata AC kwa mikono yako usiiweke. Wekeni zile ndefu zinazosahaulika, mtiririko wa grafu, jiometri, stringi zenye indeksi za kuchanganya, na kila moja muandike juu yake inaanza kuhesabu kutoka 0 au 1, na ugumu wake wa muda. Dijkstra mnayoandika bila kuangalia ya nini kujaza karatasi.

Na lile swali lenu lililogoma mwisho lileteni hapa tulione, ila mkibandika kodi toeni hiyo templeti ya mistari mia mbili ya juu, hakuna mtu ataisoma.